Shokapu za nyuma: Namna ya kuzibadilisha nyumbani bila kuhatarisha maisha

Gari linaloondoka Sumbawanga mjini kwenda Ziwa Rukwa au Ziwa Tanganyika halina budi kushuka. Makao makuu hayo ya Mkoa wa Rukwa yako juu ya uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, ilhali maziwa yote mawili yako chini zaidi kwa takriban mita 1,000. Upande wa mashariki, njia za kwenda Muze, Mtowisa na Ilemba hukata ukingo mkali wa Lyambalyamfipa kabla ya kulifikia bonde la Rukwa. Upande wa kusini-magharibi, njia ya Matai huishia bandari ya Kasanga.

Kwa dereva wa pikapu iliyojaa mahindi, miteremko hiyo ni mtihani wa breki, wa matairi na wa kifaa kimoja ambacho wengi hukisahau mpaka kianze kugonga. Kifaa hicho ni shokapu, ambayo wengine huiita shokamzoba.

Barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 220, iliwekewa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani (MCC), chini ya mkataba uliotiwa saini Februari 2008 na kufikia ukomo wake Septemba 2013. Lami hiyo iliwapunguzia wasafiri mateso makubwa. Hata hivyo, mazao ya Ufipa hayalimwi kando ya lami. Njia nyingi za vijijini katika wilaya za Sumbawanga, Kalambo na Nkasi ni za changarawe na udongo. Wakati wa masika huchimbika mashimo, na wakati wa kiangazi huota matuta madogo madogo yanayofuatana mithili ya mgongo wa bati. Hapo ndipo shokapu humalizika.

Kazi ya kubadilisha shokapu za nyuma ni miongoni mwa kazi ambazo mwenye gari mwenye uangalifu anaweza kuzifanya nyumbani kwake. Boliti zenyewe ni chache na muda unaohitajika hauzidi nusu siku. Pamoja na hayo, ni kazi inayomlaza mtu chini ya chuma chenye uzito wa zaidi ya tani moja, na kosa moja dogo linaweza kumgharimu maisha.

Kazi ya shokapu

Watu wengi hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Gurudumu linapopanda tuta, springi hujikunja na kuhifadhi nguvu, kisha huirudisha kwa kujinyoosha. Kama springi ingeachwa peke yake, gari lingeendelea kupanda na kushuka mara nyingi baada ya tuta moja tu.

Shokapu ndiyo inayoukomesha mchezo huo. Ndani yake mna fimbo yenye pistoni inayosukumwa katika oili. Oili hulazimika kupita katika vitundu vidogo vyenye vilango, na upinzani huo hugeuza nguvu ya mtikisiko kuwa joto. Ndiyo maana shokapu ya gari lililotoka safari ndefu ya barabara mbovu huwa ya moto ikiguswa.

Joto likizidi, oili hupungua uzito na huweza kuchanganyika na hewa na kutoa povu, na shokapu hulegea safarini. Ili kupunguza tatizo hilo, Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alibuni katikati ya karne ya 20 shokapu ya mrija mmoja yenye gesi iliyoshindiliwa, na mwaka 1957 kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaanza kuzitengeneza kwa wingi kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz. Siku hizi shokapu za oili tupu na zile zenye gesi ya naitrojeni zote hupatikana madukani.

Dalili za shokapu iliyokwisha

Dalili ya kwanza huonekana kwa macho. Oili inayotiririka na kugandamana na vumbi kwenye mwili wa shokapu ni ushahidi kwamba mpira wa kuzuia oili umekatika. Unyevu mwepesi karibu na fimbo pekee si lazima uwe ubovu, lakini matone ni ubovu.

Dalili ya pili hupatikana kwa kuligandamiza gari. Mtu hubonyeza bampa ya nyuma kwa nguvu mara kadhaa, kisha huachia ghafla. Gari lenye shokapu nzima hupanda, hushuka kidogo na kutulia. Likiendelea kunesa mara mbili, tatu au zaidi, shokapu zimechoka. Kwa pikapu yenye springi ngumu kipimo hiki hakitoshi, hivyo ni lazima kutazama dalili nyingine pia.

Dalili ya tatu ni ya barabarani. Sehemu ya nyuma ya gari hurukaruka na kuvutwa pembeni kwenye kona yenye matuta, gari huinamisha pua kupita kiasi breki inapokanyagwa, na matairi huliwa kwa madoa madoa badala ya kuliwa sawasawa. Tairi linalorukaruka haliishiki barabara, na tairi lisiloishika barabara halisimamishi gari hata breki zikiwa mpya. Katika mteremko wa kwenda bonde la Rukwa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo gari litabaki barabarani.

Aidha, si kila mgongano unaosikika nyuma unatokana na shokapu. Mipira ya bushi iliyokwisha, boliti zilizolegea au springi iliyovunjika hutoa sauti inayofanana na hiyo. Ni busara kuvikagua hivyo kwanza kabla ya kutoa fedha.

Gari lipi lifanyiwe kazi nyumbani

Hapa pana mgawanyo ambao kila mwenye gari anapaswa kuuelewa kabla ya kushika spana.

Kundi la kwanza ni la magari ambayo shokapu ya nyuma imesimama peke yake, mbali na springi. Pikapu nyingi, zikiwamo Toyota Hilux, hutumia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na shokapu imefungwa kando kwa boliti moja juu na moja chini. Haya ndiyo magari yanayofaa kushughulikiwa nyumbani. Yapo pia magari yenye springi za mviringo ambazo shokapu zake za nyuma zimetengwa. Nayo hufaa, kwa masharti yatakayoelezwa.

Kundi la pili ni la magari ambayo springi ya mviringo imeizunguka shokapu, vikawa kitu kimoja, kama ilivyo nyuma ya baadhi ya magari madogo ya saluni. Springi hiyo imeshindiliwa kwa nguvu kubwa. Nati ya juu ya fimbo ikifunguliwa bila chombo maalumu cha kuibana springi, vyuma hufyatuka na vinaweza kuua. Kazi hiyo haifai kufanyiwa uani. Mwenye gari la namna hiyo alipeleke kwa fundi mwenye chombo hicho, na ahakikishe kwa macho yake kwamba kinatumika. Kamba na waya si mbadala wake.

Kununua vipuri

Shokapu hununuliwa kwa jozi. Ikifungwa mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili, gari litaitikia barabara kwa namna mbili tofauti na litayumba.

Mnunuzi aende dukani na namba ya chasisi pamoja na aina kamili ya gari, maana magari yenye jina moja yanaweza kutofautiana kwa mwaka, kwa urefu au kwa idadi ya magurudumu yanayoendeshwa na injini. Akiweza kuifungua ya zamani na kuilinganisha, ni bora zaidi. Mambo ya kulinganisha ni urefu ikiwa imefunguka na ikiwa imefungwa, namna ncha zake zilivyo na unene wa boliti inayopita. Shokapu fupi mno hukatika gurudumu linaponing'inia. Ndefu mno hugonga kitako chake gari linapozama shimoni.

Shokapu za mtumba zina bei nafuu, lakini umri wake haujulikani na mpira wake unaweza kukatika wiki ya kwanza. Kwa gari linaloshuka milima, unafuu huo ni wa kufikiria mara mbili.

Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vikuu ni jeki imara, stendi mbili za chuma zenye uwezo wa kubeba uzito wa gari, kabari nne za kuzuia magurudumu, spana na soketi za kutosha, brashi ya waya, oili ya kulainisha kutu, miwani ya kukinga macho na glovu. Kwa magari mengi ya Toyota, spana namba 14, 17 na 19 ndizo zinazohitajika mara kwa mara. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni kifaa kizuri kwa anayeweza kukipata au kukiazima.

Stendi si anasa. Jeki limetengenezwa kuinua gari, si kulishikilia mtu akiwa chini yake. Jeki la oili linaweza kuvuja na kushuka ghafla bila kutoa onyo, na la kuzungusha linaweza kuteleza. Vilevile tofali, liwe la saruji au la kuchoma, halifai hata kidogo: huonekana imara, kisha hupasuka kwa mara moja. Asiye na stendi asiingie chini ya gari.

Kuliandaa gari

Mahali pa kazi pawe tambarare na pagumu, sakafu ya zege ikiwezekana. Ufipa hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili au zaidi kidogo, na katika miezi hiyo ardhi ya uani hulainika kiasi cha kumeza miguu ya stendi. Pasipokuwa na zege, ubao mpana na mnene uwekwe chini ya jeki na chini ya kila stendi, na kazi ifanyike ardhi ikiwa kavu.

Mzigo wote ushushwe kwanza. Bomba la moshi liachwe lipoe. Siku moja kabla, nati za shokapu zisuguliwe kwa brashi na kumwagiwa oili ya kulainisha kutu, kisha zirudiwe tena asubuhi.

Jambo linalofuata huwaponza wengi. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na katika pikapu nyingi gia nayo huzuia magurudumu hayo hayo ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yakishainuliwa hewani, breki ya mkono na gia havizuii tena gari kusogea. Kinachobaki ni kabari tu. Kwa hiyo magurudumu yote mawili ya mbele yatiwe kabari mbele na nyuma kabla jeki halijaguswa. Breki ya mkono na gia viwekwe pia, lakini visitegemewe.

Kazi hii isifanywe na mtu aliye peke yake. Awepo mwenzake karibu, anayejua kutumia jeki, na watoto wawekwe mbali. Funguo za gari zitolewe ili mtu asije akaliwasha.

Kuinua na kushikilia

Iwapo gurudumu litatolewa ili kupata nafasi, nati zake zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Kisha gari huinuliwa mahali palipoelekezwa na mtengenezaji, na stendi huwekwa pande zote mbili.

Kwa pikapu yenye springi za vyuma bapa, mahali pazuri pa stendi ni chini ya ekseli ya nyuma, karibu na springi. Hapo uzito wa gari hubaki juu ya springi, na ekseli haining'inii. Endapo stendi zitawekwa chini ya chasisi, ni lazima jeki libaki limeishikilia ekseli. Shokapu huizuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ikifunguliwa, ekseli inaweza kudondoka na kuuvuta mpira wa breki mpaka ukatike. Kwa magari yenye springi za mviringo zilizotengwa na shokapu, sharti hilo halina msamaha, kwa sababu springi yenyewe inaweza kuchomoka.

Kabla ya kuingia chini, gari litikiswe kwa nguvu kutoka ubavuni. Kama lina dalili ya kuteleza, lianguke sasa, wakati hakuna mtu chini yake. Gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya ubavu wa gari kama kinga ya mwisho.

Kufungua na kufunga

Shokapu zibadilishwe upande mmoja baada ya mwingine, kamwe si zote kwa pamoja. Upande ambao haujaguswa huishikilia ekseli mahali pake na huwa kielelezo cha mpangilio wa washa na mipira.

Nati ya chini hufunguliwa, kisha ya juu. Mahali ambapo ncha ya juu ni fimbo yenye uzi, fimbo hiyo huzunguka pamoja na nati. Inabidi ishikwe kwa spana nyingine kwenye ncha yake. Nati iliyogoma iongezewe oili na muda. Moto wa gesi usitumike: shokapu yenye gesi inaweza kupasuka ikipashwa joto, na tangi la mafuta huwa karibu.

Shokapu mpya ya oili isimamishwe wima, fimbo ikiwa juu, kisha ivutwe na kusukumwa mara nne au tano mpaka mwendo wake uwe laini na sawa. Hatua hiyo huondoa hewa iliyojikusanya ilipokuwa imelazwa dukani. Yenye gesi huja ikiwa imefungwa kwa mkanda; mkanda huo ukatwe baada ya ncha ya juu kuingia mahali pake. Fimbo inayong'aa isishikwe kwa koleo kamwe, kwani mkwaruzo mmoja tu hutosha kuukata mpira wa oili.

Ncha ya juu hufungwa kwanza na nati kukazwa kwa mkono, kisha ya chini huletwa kwenye boliti yake. Mipira na washa zirudi kwa mpangilio ule ule. Nati za kujifunga zenyewe zikishafunguliwa ni vema ziwekwe mpya.

Ukazaji wa mwisho wa boliti zinazopita katika mipira ufanyike springi zikiwa zimebeba uzito wa gari, ama juu ya stendi za ekseli, ama gari likiwa limeteremshwa. Boliti ikikazwa ekseli ikiwa imening'inia, mpira hujisokota gari linaposhushwa na huraruka mapema. Kiasi cha kukaza hutajwa katika kitabu cha gari na ndicho cha kufuatwa.

Baada ya kazi

Nati za magurudumu hukazwa kwa kuruka moja kwenda ya upande wa pili, si kwa kufuatana, na hukazwa tena gari likiwa chini. Kabla ya kuondoa kabari, mtu ahesabu vifaa vyake na kuhakikisha hakuna spana iliyobaki juu ya chasisi.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya mwendo mdogo, katika barabara inayofahamika. Baada ya hapo nati zote zikaguliwe, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gari lisipelekwe kwenye mteremko mkali wala kupakiwa mzigo kabla ya ukaguzi huo.

Shokapu kuukuu zisitupwe motoni wala kukatwa kwa msumeno, kwa sababu zinaweza kuwa na gesi iliyoshindiliwa. Oili iliyovuja isimwagwe mtoni. Chuma chake kina thamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao waelezwe kama shokapu hiyo ni ya gesi.

Shokapu mpya na lumbesa

Wapo wanaofunga shokapu mpya na kuamini kwamba gari sasa linaweza kubeba zaidi. Magunia 10 ya mahindi ya kilo 100 kila moja ni tani 1, na yakifungwa kwa lumbesa uzito huo hupita. Pikapu iliyotengenezwa kubeba tani 1 haiongezewi uwezo na shokapu. Springi, ekseli, breki na matairi yake ni yale yale.

Hatua za dharura

Ikitokea gari likamwangukia mtu, asivutwe kwa nguvu. Gari liinuliwe kwa jeki, na lishikiliwe kwa stendi au magogo ndipo mtu atolewe, huku mwingine akipiga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 ya dharura. Kwa sababu hiyo, jeki la pili na simu yenye chaji viwe karibu tangu mwanzo wa kazi.

Mwenye gari atakayekuta mahali pa kufungia shokapu pameliwa na kutu, boliti imekatikia ndani, au chasisi ina ufa, asiendelee. Hapo kazi imevuka mipaka ya uani. Alifunge gari kama lilivyokuwa na kulipeleka gereji taratibu, likiwa tupu.